Bolti sawa, grenda hapana

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wenu wiki iliyopita anayesema Land Rover ya zamani ikishafungwa injini ya Toyota basi sio klasiki tena, ni mkweche umevaa bodi. Nikacheka maana mimi ninayo, Land Rover 109 (ile ndefu, inchi 109 kati ya ekseli) Series III ya 1975 ya marehemu mzee wangu, na injini iliyomo sasa ni dizeli ya Toyota. Nusu nakubaliana naye, hiyo nusu nyingine aniwie radhi.

Hiyo orijino tunaanza kuihesabia wapi? Hizi gari zenyewe zilianza 1948 kwa kuungaunga, bodi ikawa ya alumini sababu kule Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao, na rangi yenyewe ya kijani zile za mwanzo ilikuwa masalia ya rangi za ndege. Sasa huku kwetu ndio usiseme, mzee alifunga keria juu ya kubebea mikungu ya ndizi na springi za nyuma akaziongezea kipande kimoja kimoja, nikisema nairudisha kama ilivyotoka kiwandani Solihull si itabidi keria la mzee ling'oke? Mama hatanielewa.

Breki ndio sibishani na mtu kabisa. Series III ina breki za dramu, zile za ngoma, miguu yote minne, vuka mto halafu ukanyage breki uone, gari inakwenda tu mpaka zikauke, na mimi nashuka milima ya huku Moshi nimebeba wajukuu wa huyo huyo mzee. Nimefunga diski mbele na sijuti.

Ila kinachoniuma mpaka leo ni hiki. Fundi alipotoa ile injini ya petroli ya lita 2.25 mimi nilikuwa safari, narudi nakuta ameshaiuza skrepa na gia boksi yake, na chesisi kaipiga grenda ili maunting za Toyota, vile vishikio vya injini, zikae. Aisee. Sio kwamba ile injini ilikuwa ya ajabu, inakula mafuta na mlimani inalia, lakini ringi zake mzee alibadilisha mwenyewe uani usiku na mimi ndio nilikuwa mshika tochi. Hii Toyota naweza kuishusha hata kesho kwa spana, diski pia, lakini chuma kilichokatwa kwenye chesisi nakirudishaje, hata ukichomelea vizuri vipi alama inabaki na anayejua gari anaiona.

Kwa hiyo huyo ndugu akasirikie grenda, bolti zangu aziache.

Na kama kuna msomaji ana injini ya lita 2.25 ya petroli imelala stoo naomba asiipeleke skrepa kabla hatujaongea, hata kama haiwaki naichukua, nimeshaitengenezea stendi pale uani.

Mwenye 109,
Moshi