Barua kwa Baba Furaha: kabla hujashika spana karibu na betri

Lubumbashi, mwezi wa Julai

Ndugu yangu Baba Furaha,

Nakusalimu wewe, Mama Furaha na watoto wote hapo Likasi. Sisi huku tu wazima, ingawa baridi ya mwezi huu inatuchelewesha kutoka vitandani na magari yetu nayo yanachelewa kuwaka. Barua yako imenifikia pamoja na habari njema ya pikapu uliyonunua, na nimesoma kwamba umeazimia kubadilisha stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, wewe mwenyewe uani badala ya kuipeleka gereji. Sina pingamizi, kwa kuwa kazi hiyo unaiweza. Lakini hukuandika neno hata moja kuhusu betri, na stata haiguswi kabla ya betri kushughulikiwa; kwa hiyo nimeona nikuandikie jambo hilo tu, na habari nyingine zisubiri barua ijayo.

Watu wengi huiogopa betri kwa sababu isiyo yake. Hudhani kwamba itawarusha kama umeme wa nyumbani, ilhali betri ya gari dogo ina volti 12 tu, na mtu mwenye mikono mikavu akigusa vichwa vyake viwili, cha chanya (+) na cha hasi (−), kwa vidole hahisi kitu. Akishagundua hivyo huanza kuidharau, na hapo ndipo anapokutwa na hatari mbili za kweli, yaani chuma kinachounganisha mahali kisipopaswa, na gesi isiyoonekana. (Magari yale ya kisasa yanayotumia petroli na umeme pamoja ni habari nyingine kabisa: nyaya zake za rangi ya machungwa hubeba volti mia na zaidi, na hizo zinaua. Ukikutana nazo, ziache.)

Nianze na chuma. Betri hiyohiyo isiyoweza kukurusha ina uwezo wa kusukuma mamia ya ampea kwa mara moja, maana imeundwa kwa ajili ya kuzungusha injini nzito. Spana ikigusa kichwa cha chanya kwa upande mmoja na bodi ya gari kwa upande wa pili, mkondo wote huo hupita ndani ya spana. Cheche huruka, chuma huiva, na pengine hugandamana palepale usiweze kukibandua. Ikiwa njia hiyo imepitia kwenye pete, pete hupata moto kwa kufumba na kufumbua na kuunguza kidole pande zote, wala haivuliki kwa sababu kidole kimeshavimba. Pete ya ndoa, saa ya chuma na mkufu, vyote viache ndani kwa Mama Furaha. Naamini ataelewa, na asipoelewa msomee barua hii.

Ndiyo maana waya wa hasi hufunguliwa kwanza. Injini, fremu na bodi nzima ya gari vimeungwa na upande wa hasi, kwa hiyo ukianza na chanya huku hasi bado imefungwa, kila chuma kilicho karibu na mkono wako kinangojea spana iteleze. Ukianza na hasi, spana ikiteleza ikagusa bodi hakuna kinachotokea, kwa kuwa vyote viwili ni upande mmoja. Na hasi ikishatoka, mzunguko umekatika, unaweza kufungua chanya kwa utulivu. Wakati wa kurudisha, mpangilio hugeuka: chanya kwanza, hasi mwisho. Waya wa hasi ulioutoa usiuache ukining'inia karibu, bali uuzungushie kitambaa kikavu na kuusogeza mbali, usije ukajirudia wenyewe. Nalisisitiza hili kwa ajili ya stata hasa, kwa sababu ule waya mnene unaotoka kwenye chanya kwenda kwenye stata kwa kawaida haupiti kwenye fyuzi yoyote. Una umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, na wewe utakuwa umelala chini ya gari ukiifungua nati yake kwa kupapasa.

Kuhusu gesi, betri inapochajiwa, na hasa inapokaribia kujaa, umeme huyavunja maji yaliyomo na kutoa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu, na ikifikia asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche ndogo. Mlipuko wenyewe ni mfupi, lakini hupasua ganda la betri na kurusha vipande pamoja na asidi, na uso wa fundi ndio ulio juu yake. Kwa hiyo nakuomba uache ile desturi ya kugonganisha waya kwenye vichwa vya betri ili kuona kama ina umeme. Usiinamie betri ukiwa na sigara, wala usimulike ndani ya vifuniko vyake kwa mshumaa au kiberiti usiku umeme unapokatika. Tochi ya simu inatosha. Na kwa kuwa kwetu umeme unakatika mara nyingi, wapo wanaochajia betri chumba cha kulala, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi na watoto wamelala pembeni. Wewe ichajie barazani. Banio za chaja zifungwe kwenye betri kwanza ndipo uichomeke chaja ukutani, na ukimaliza uichomoe ukutani kabla ya kugusa banio. Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza, betri imechajiwa kupita kiasi: zima chaja, ondoka hapo, na uiache ipoe.

Asidi huijui kwa kuhadithiwa, wewe uliyekulia Likasi na kuona malori yakiipeleka migodini. Ile ya kwenye betri ni asidi salfuriki hiyohiyo, ila imepunguzwa makali kwa maji, na katika betri iliyojaa hufikia karibu theluthi moja ya uzito wa mchanganyiko. Hutoboa nguo, huunguza ngozi, na jichoni ndiko inakoharibu upesi. Miwani ya kinga inayovaliwa na wafanyakazi wa migodi inauzwa sokoni kwa bei ndogo, nunua moja. Iwapo tone litaingia jichoni licha ya hayo, usianze kwa kutafuta pikipiki ya kukupeleka hospitali. Anza na maji safi, mengi, yakitiririka juu ya jicho lililofunguliwa, kwa dakika 20, na hospitali ifuate baadaye. Ndoo ya maji iwepo uani kabla hujafungua boneti. Unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri uoshe kwa bikaboneti ile ya mandazi iliyoyeyushwa katika maji, vifuniko vikiwa vimefungwa ili isiingie ndani. Na kiwango kikipungua, ongeza maji yaliyotoneshwa peke yake. Hakikisha muuzaji hajakupa chupa ya asidi, kwani chupa hizo hufanana.

Katika asubuhi hizi za baridi utaombwa, au utaomba, kuwasha gari kwa betri ya jirani. Magari yasigusane. Waya mwekundu ufungwe kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma tupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Ncha ile ya mwisho ndiyo inayotoa cheche, nasi hatutaki cheche pale gesi ilipo. Betri iliyovimba au kupasuka usijaribu kuiwasha kwa namna yoyote. Wala usikubali mtu akutolee waya wa betri injini ikiunguruma ili kupima alteneta, ile inayoichaji betri gari likiwa limewaka, kwa maana volti huruka ghafla na kuunguza vifaa vya umeme vya gari, na njia iliyo salama ipo.

Njia hiyo ni mita ya kupimia volti. Nitakutumia ya kwangu kwa basi la Ijumaa, imefungwa ndani ya kitenge cha Mama Furaha alichokisahau hapa. Pima betri gari likiwa limezimwa tangu usiku, na itakuwa nzima ikikupa karibu volti 12.6, kisha, stata mpya ikishafungwa, pima tena injini ikiunguruma, ambapo tunatarajia kati ya 13.8 na 14.4. Niandikie namba zote mbili kabla hujanunua betri nyingine.

Ndugu yako,
Baba Neema