Kwa Saidi, kuhusu yale mapigano uliyoniuliza

Jinhua, China
1 Oktoba 2023

Mdogo wangu Saidi,

Assalaam alaykum. Mimi mzima wa afya. Mfikishie mama shikamoo yangu, na mwambie baridi bado haijaingia, aache kuniulizia lile koti.

Kila nikipiga simu swali ni lilelile: kungfu ya Michezo ya Asia wanapigana kweli au wanaigiza? Simuni hunipi nafasi ya kujibu, basi soma. Jumapili iliyopita, tarehe 24, nilipanda treni ya mwendokasi hadi Hangzhou, kisha nikaenda Guali, wilaya ya Xiaoshan, ndiko uliko ukumbi wa wushu, ndilo jina rasmi la hiyo kungfu yako. (Mabango yote yameandikwa 2022, kwa sababu michezo iliahirishwa mwaka mzima na korona na jina likaachwa vivyo hivyo.)

Wushu ina matawi mawili. Sanda ndiyo ya kupigana: ngumi, mateke na kubwagana, juu ya jukwaa la mita 8 kwa 8 lisilo na kamba. Mwenzio akidondoka chini ya jukwaa mara mbili katika raundi moja, raundi ni yako. Hiyo ndiyo wewe na wenzako wa kibanda cha video mngeipigia kelele. Taolu haina mpinzani. Mtu huingia zuliani peke yake, akapiga hewa kwa dakika chache tu, waamuzi wakatoa alama.

Najua umeshacheka. Ngoja.

Alama ni 10: 5 za usahihi wa kila pigo na kila msimamo, 3 za mpangilio, nguvu na mwendo wa onyesho zima, 2 za ugumu wa miruko. Siku ile walicheza changquan ya wanaume, yaani taolu ya mikono mitupu yenye miruko mingi. Mtu anakimbia hatua chache, anaruka, anazunguka hewani huku mguu ukipiga, halafu anatua na kuganda papo hapo kama msumari uliogongwa mbaoni. Kisigino kikisogea kidogo tu, pointi 0.1 imekwenda. Aliyeshinda ni Sun Peiyuan wa China, yuleyule aliyechukua dhahabu ya changquan kwenye Michezo ya Asia ya Jakarta 2018. Edgar Xavier Marvelo wa Indonesia akawa wa pili, na kati yao haikufika hata hiyo 0.1. Hebu fikiria kukosa dhahabu kwa kitu kidogo kuliko kisigino kusogea! Na huna wa kumlaumu, maana hakuna aliyekugusa.

Wachina hawakubeba kila kitu, usidhani. Changquan ya wanawake ilikwenda kwa Li Yi wa Macau, eneo la China linaloshindana kwa timu yake lenyewe, na watu wa Macau hapa chuoni hawakulala.

Fainali za sanda zilikuwa Alhamisi nikiwa na vipindi, nikaziona kwenye televisheni ya bwenini. Uzito wa kilo 60 wanawake, Roshibina Devi wa India alipigwa na Wu Xiaowei wa China, na hilo halina ubishi. Lakini kwao, jimbo la Manipur, kuna mapigano ya kikabila tangu Mei, watu wanauawa na kuchomewa nyumba. Alipopata medali yake ya fedha alilia, akasema ni ya watu wa Manipur. Bweni zima lilinyamaza, hata yule Mpakistani wa chumba cha pili ambaye huwa hanyamazi kwa lolote.

Sasa la kwako. Mwaka 2026 Olimpiki ya Vijana itakuwa Dakar, mara ya kwanza Olimpiki yoyote kufanyika Afrika, na wushu imo kwa medali. Kinachochezwa ni taolu. Wewe utakuwa na miaka 16. Sikuahidi chochote, Tanzania ina vijana wengi na nafasi ni chache mno. Ila uliniambia mwenyewe kwamba mwalimu wenu wa kungfu huweka misimamo nusu saa ya mwisho, na muda huo wewe unakuwa umeshafika nyumbani unadai chai.

Nirekodie video umesimama mabu, ule msimamo wa mpanda farasi, mapaja yamelala sawasawa na ardhi, dakika mbili bila kutikisika. Mama ashike simu, usimpe yule rafiki yako anayekata video. Nikiiona ndipo tutazungumza habari ya viatu.

Dada yako,
Mwanaidi