Namba Isiyobakisha Kitu

Kirumba, Mwanza

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, na natumaini nawe pamoja na watu wa nyumbani hamjambo. Nakuandikia kwa ajili ya namba moja ambayo haijanitoka kichwani tangu Jumapili, nayo ni 3816547290.

Ina tarakimu zote kumi, kila moja mara moja tu. Ukiisoma kutoka kushoto, 38 inagawanyika kwa 2, 381 kwa 3, 3816 kwa 4, 38165 kwa 5, na kuendelea hivyo bila baki mpaka namba nzima igawanyike kwa 10. Tena hakuna mpangilio mwingine wa tarakimu hizo wenye sifa hii, ingawa mipangilio yenyewe ni zaidi ya milioni tatu. Hapo ndipo nilipokosa usingizi, kwa kuwa sikutaka kuliamini jambo hili kwa kuambiwa tu.

Basi nilipanda juu ya lile jiwe kubwa la nyuma ya nyumba, nikafungua daftari ninaloandikia magunia ya dagaa wa soko la Mwaloni. Tarakimu ya mwisho ni lazima iwe 0, na kwa hiyo ya tano haina budi kuwa 5. Nafasi za shufwa huchukua 2, 4, 6 na 8, na nafasi za witiri hubaki na 1, 3, 7 na 9. Kwa kuwa ya tatu ni witiri, kugawanyika kwa 4 kunailazimisha ya nne iwe 2 au 6. Kisha nikagundua jambo lililonifurahisha kuliko yote: kwa kuwa tarakimu tatu za kwanza zinagawanyika kwa 3, na sita za kwanza vilevile, tatu zinazofuata, yaani ya nne mpaka ya sita, hazina hiari ila kuwa 258 au 654. Baada ya kuipima ya nane kwa kigezo cha 8, ile mipangilio zaidi ya milioni tatu ilikuwa imepungua hadi kumi tu.

Kilichobaki ni kigezo cha 7, basi tarakimu saba za kwanza za kila mpangilio nilizigawa kwa 7, mmoja mmoja, kwa penseli. 1472589 ikabakisha 6. 7412589 ikabakisha 2. 1836547 nayo ikabakisha 6. Nilipofika 3816547 nikapata 545221 kamili, na nilirudia hesabu mara mbili kabla ya kuthubutu kufurahi. Nyingine zote zilibakisha.

Ukiruhusu tarakimu kurudiwa, namba ndefu kuliko zote za aina hii ina tarakimu 25, nayo ni 3608528850368400786036725. Nimeikagua mpaka kigawanyo cha 11 na haijabakisha kitu. Nakuomba uendelee kuanzia 12, kisha uniandikie majibu yako.

Wako katika urafiki,
Mwenzako wa Mwanza