Msimbo unaofutwa nao uandikwe habari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niwatetee watu wanaofuta msimbo wa programu za kompyuta. Toleo jipya la mfumo endeshi likitoka, magazeti yetu huorodhesha yaliyoongezwa, na sijakumbuka kusoma hata mara moja habari ya kilichoondolewa.

Mfano ninaoujua vizuri, kwa kuwa kazi yangu ni kutunza seva, ni wa Linux. Ndani ya kichakataji mna kaunta chache zinazohesabu matukio kama vile maagizo yaliyotekelezwa, mizunguko ya saa na mara ambazo data ilitafutwa kwenye kache (kumbukumbu ndogo ya haraka) ikakosekana. Kaunta ikifurika, yaani ikifika kikomo chake, kichakataji hukatiza shughuli iliyopo, nacho kiini cha mfumo endeshi huandika mahali programu ilipofikia, na sampuli za namna hiyo zikikusanywa kwa maelfu fundi huona muda unapotelea wapi. Vichakataji vingi vya Intel vya miaka ya 2010 vina kaunta nne tu za matumizi ya jumla kwa kila uzi wa utekelezaji, kwa hiyo sehemu mbili za kiini zikigombea kaunta moja bila kupeana zamu, hesabu za zote mbili huharibika.

Hata hivyo Linux iliishi na wenye nyumba wawili kwa muda mrefu, yaani mifumo miwili ya kukusanya sampuli hizo. Wa kwanza, OProfile, uliingia katika kiini mwaka 2002. Septemba 2009, katika toleo la 2.6.31, ukaja mfumo tunaouita leo perf, ambao programu huufikia kwa mwito mmoja tu, perf_event_open. Mwaka 2012 zana za OProfile zenyewe zikaanza kupitia mlango huo mpya, na mwaka 2014, katika toleo lao la 1.0, zikaiacha kabisa njia ya zamani. Msimbo wa zamani uliondolewa katika kiini lini? Katika toleo la 5.12, Aprili 2021. Kwa zaidi ya miaka sita, basi, watunzaji wa ARM, MIPS, PowerPC na vichakataji vingine waliendelea kubeba mzigo ambao OProfile yenyewe ilikwisha kuutua.

Najua wapo watakaosema kwamba msimbo usiotumiwa haumdhuru mtu. Siafikiani nao, kwa sababu kila badiliko katika kiini hulazimika kuupitia na kuuhifadhi ukiwa mzima, na katika jambo nyeti kama ukatizaji wa kichakataji kosa dogo huweza kuigandisha mashine nzima.

Sisemi kwamba mlango mmoja umemaliza matatizo yote. Ukiiomba perf matukio mengi kuliko kaunta zilizopo, huyapokeza kwa zamu kisha hukadiria jumla, na ile asilimia ndogo inayochapishwa pembeni ndiyo inayoeleza kila tukio lilipimwa kwa sehemu gani ya muda. Nimewaona mafundi wakiiruka na kuyachukua makadirio kama hesabu kamili. Urahisi wa aina hiyo una gharama yake, na anayeutumia anapaswa kuijua.

Ombi langu kwa dawati lako la teknolojia ni dogo: mtakapoandika habari za toleo lijalo, ongezeni aya moja ya kilichofutwa na sababu yake.

Msomaji wako,
Mtunza seva, Dar es Salaam