Msilipe msalaba, lipeni kaburi

Bwana Mhariri,

Miaka yote nimesoma gazeti lenu nikanyamaza. Habari yenu juu ya makaburi ya kale ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, huku kwetu kusini mwa Kongo, imenishinda. Mmewaita wanakijiji wezi wa historia, kisha mkashauri serikali inunue kila msalaba wa shaba utakaoletwa. Mkifanya hivyo, kila mwenye jembe ataenda kutafuta.

Msalaba uliotolewa kaburini bila kupimwa hausemi tena kitu. Tangu mwanaakiolojia Nenquin alipochimba Sanga mwaka 1957, tulichojua kimetokana na mahali kila kitu kilipolala: misalaba mikubwa kifuani mwa marehemu, na katika makaburi ya baadaye, midogo inayolingana, mikononi au kiunoni. Hapo ndipo wataalamu walipoona shaba ikigeuka pesa ya kununulia. Ukiuleta mjini ndani ya mfuko, umeleta uzito wa shaba tu.

Juzi, hapa Lubumbashi, nilionyeshwa mmoja uliosuguliwa kwa ndimu na majivu hadi ukang'aa. Muuzaji alidhani anaupandisha bei. Kumbe ile kutu ya kijani ndiyo hushika alama za nyuzi za nguo au kamba iliyougusa, na ikitoka hairudi! Mizani ya mnunuzi wa shaba chakavu iliyoupima ndiyo inayopima nyaya za umeme zinazokatwa usiku, mitaa ikakaa gizani siku nyingi, na mnunuzi haulizwi alizipata wapi. Lakini mtu wa Kisale, ambaye hana shamba lingine ila lililo juu ya makaburi, wala kibarua, yeye ndiye mwizi. Hilo linaniuma sana.

Lipeni kaburi lililoachwa. Jembe likigonga chungu, mtu asimame, asinyanyue kitu. Aweke kijiti chenye alama za sentimita, apige picha, apime kina kutoka juu ya ardhi. Arudishe kwanza mchanga safi wa vidole vinne, ili mchimbaji wa kesho aone mpaka, kisha udongo uleule. Amwite kapita, msimamizi wa kijiji. Kapita akishuhudia, mwenye jembe alipwe ujira wa kibarua wa siku kumi, na wa siku kumi nyingine baada ya mwaka kama shimo halijaguswa. Apewe pia kipande kingine cha kulima, maana njaa haingoji mwaka.

Sheria ya 1971 ya kulinda mali za utamaduni ipo, kwa Kifaransa. Isomwe kwa Kiluba, siku ya soko, kabla ya mvua za Oktoba, majembe hayajaingia shambani.

Msomaji wenu, Lubumbashi