Ohio 2026: Msiangalie kiti cha gavana peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Naandika hii mwishoni mwa 2025. Nafuatilia sana habari za uchaguzi wa mwakani, 2026, hapa Ohio, Marekani, na kila nikisoma stori ya kutabiri nani atagombea nakuta jina ni lilelile, Vivek Ramaswamy, mfanyabiashara wa Republican anayetaka ugavana, Trump kamuunga mkono, basi stori imeisha. Jamani, Novemba 3, 2026 hatuchagui gavana tu. Kuna mwanasheria mkuu wa jimbo, katibu wa jimbo ambaye ndiye anasimamia uchaguzi wenyewe, mkaguzi mkuu wa hesabu, mhazini, kuna kiti cha useneta kule Washington na kuna mahakama ya juu ya jimbo. Humo ndimo kuna mambo, na ndimo mnapopita bila kusimama.

Mwakani ni mwaka wa pekee, na sababu yake iko kwenye katiba ya Ohio. Hairuhusu mtu kukaa kiti kimoja zaidi ya vipindi viwili mfululizo vya miaka minne. Sasa watu watano wa Republican, gavana Mike DeWine, mwanasheria mkuu Dave Yost, mkaguzi Keith Faber, katibu wa jimbo Frank LaRose na mhazini Robert Sprague, wote walichaguliwa 2018, wote wakarudi 2022, kwa hiyo muda unawaishia wote kwa mpigo. Viti vitano vinabaki wazi siku moja.

Ila msidhani wote wanakwenda kupumzika. Wengine wanahamia chumba cha jirani tu. Faber anataka kutoka ukaguzi aende uanasheria mkuu, LaRose anataka kutoka ukatibu aende ukaguzi, Sprague anataka kutoka uhazini aende ukatibu. Sheria haiwakatazi kwa sababu ukomo ni wa kiti, siyo wa mtu. Kwa maoni yangu hao watatu watapita kura za mchujo za Mei 5, zile za chama kuchagua mgombea wake, bila shida kubwa, majina yao yameshakuwa kwenye karatasi ya kura mara mbili jimbo zima na wafadhili wanawajua. LaRose alijaribu useneta 2024 akashindwa na Bernie Moreno kwenye mchujo wa Republican, lakini kushindwa kule hakujamuua kisiasa. Kwa upande wa Democrats kwenye ukatibu wa jimbo wametajwa Allison Russo, aliyekuwa kiongozi wao kwenye bunge la jimbo, na Bryan Hambley ambaye ni daktari. Mimi nampa Russo nafasi kubwa zaidi maana kazi ya bunge anaijua ndani nje.

Kuna mtu ataniuliza, mkaguzi wa hesabu kuna nini cha kuandikia gazetini? Kuna ramani. Tume inayochora mipaka ya wilaya za uchaguzi hapa Ohio ina watu saba, gavana, katibu wa jimbo, mkaguzi, na wanne wanaoteuliwa na viongozi wa vyama bungeni. Yaani viti vitatu kati ya saba vinatoka moja kwa moja kwenye kura hizi za mwakani, na viwili kati ya hivyo hamviandiki. Anayechaguliwa ukaguzi leo anaweza kuwa ndiye anayeamua kesho mtaa wako unapigia kura wilaya gani. Hilo linaniuma nikiona watu wanajaza gavana halafu huku chini wanaacha wazi.

Turudi kwenye ugavana. Zamani kutabiri Ohio ilikuwa rahisi, unaangalia nani yuko kwenye ngazi ya chini yake. DeWine mwenyewe alikuwa naibu gavana, akawa seneta, akawa mwanasheria mkuu, ndiyo akafika ugavana. Kwa hesabu hiyo zamu ilikuwa ya Yost, na kweli alitangaza nia, lakini Mei 2025 chama kikampitisha Ramaswamy mapema na Yost akajitoa wiki hiyohiyo au inayofuata, sikumbuki siku ila ilikuwa haraka mno. Jim Tressel, kocha wa zamani wa futiboli ya Kimarekani wa chuo kikuu cha Ohio State ambaye DeWine alimteua naibu gavana Februari, watu walimsubiri miezi na miezi, mwisho akasema hagombei. Kwa hiyo Ramaswamy, mtu aliyegombea urais 2024, ambaye hajawahi kushika kiti chochote cha kuchaguliwa, kaipita foleni yote. Kwa sababu hiyohiyo naona atamchukua mgombea mwenza anayezijua korido za bunge la jimbo, maana huku gavana na naibu wake wanapigiwa kura pamoja.

Upande wa pili, wa Democrats, yuko Dk. Amy Acton. Tim Ryan, aliyekuwa mbunge wao kule Washington, alijifikiria mpaka Novemba akaamua kukaa pembeni, na hapo njia ikamnyookea Acton. Wasioishi Ohio hawamwelewi huyu mama. Mwaka 2020 wakati wa korona alikuwa mkurugenzi wa afya, na saa nane mchana watu walikuwa wanakaa mbele ya TV kumsikiliza akiwa na lile koti lake jeupe, pembeni ya DeWine, gavana wa Republican, anaeleza taratibu ugonjwa unavyosambaa bila kumtisha mtu. Wapo waliompenda kwa lile koti, wapo ambao mpaka leo wakiliona wanakumbuka biashara zilizofungwa, na waandamanaji walimfuata mpaka nyumbani kwake kabla hajajiuzulu mwezi Juni. Kura yake itaamuliwa na kumbukumbu za miezi michache ile kuliko sera yoyote. Mimi naamini anaweza kuleta ushindani wa kweli, japo Democrats hawajashinda ugavana hapa tangu Ted Strickland 2006 na Trump alishinda Ohio 2024 kwa zaidi ya pointi 11.

Atakayemsaidia sana Acton ni Sherrod Brown, Democrat mwenzake anayegombea useneta. Huyu alipoteza useneta 2024 kwa pointi chini ya 4 mwaka ambao Trump alishinda kwa hizo 11, maana yake wapo watu wengi waliompigia Trump wakashuka chini wakampigia Brown. Sasa anarudi kupambana na Jon Husted wa Republican, ambaye DeWine alimteua Januari 2025 kujaza nafasi ya useneta aliyoiacha JD Vance alipokuwa makamu wa rais. Huu ni uchaguzi wa kumalizia kipindi cha Vance tu, atakayeshinda atarudi tena kwa wapiga kura 2028, kwa hiyo tegemeeni pesa nyingi kumwagika kwa kiti cha miaka miwili. Nikilazimishwa kutabiri nasema hapa ndipo Democrats wana nafasi nzuri kuliko kote Ohio.

Na kuna jina ambalo kwenu sijaliona hata mara moja, Jaji Jennifer Brunner. Mahakama ya juu ya Ohio ina majaji saba, sita ni Republican, yeye ndiye Democrat pekee, na baada ya Brown kutoka ndiye Democrat pekee aliyebaki kwenye kiti chochote kinachopigiwa kura jimbo zima. Kiti chake kinagombewa mwakani. Tangu 2022 majina ya majaji hao yanaandikwa na chama pembeni kwenye karatasi ya kura, na 2024 wenzake wawili, Michael Donnelly na Melody Stewart, waliondolewa wote. Naona Brunner yuko kwenye hatari kubwa kuliko Acton na Brown, na fomu za mchujo zinafungwa Februari 4, 2026, kwa hiyo naomba mwandishi wenu aanzie kwake kabla ya tarehe hiyo.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio