Mimba changa isihukumiwe kwa picha moja

Ndugu Mhariri,

Mama ana wiki sita na siku mbili kwa hesabu ya hedhi. Ameona matone ya damu, akaenda kupimwa ultrasaundi ya juu ya tumbo. Jibu linarudi na mstari mmoja: mfuko wa mimba upo, mtoto haonekani, mimba imeharibika. Jioni hiyohiyo anaambiwa akasafishwe kizazi. Naomba nafasi nieleze kwa nini mstari huo hautoshi.

Tuanze na hesabu. Wiki za ujauzito huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa kudhani yai lilipevuka siku ya 14. Kwa wanawake wengi sivyo. Anayenyonyesha, au aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango karibuni, anaweza kupevusha yai wiki kadhaa baadaye, na wapo wanaochukulia damu ya mwanzo wa mimba kuwa ni hedhi. Tuseme yai la mama huyu lilipevuka siku ya 20. Mimba yake basi ina wiki tano na siku tatu, si sita na mbili. Kwa umri huo, hata kipimo cha ndani, yaani cha kupitia ukeni, kinaweza kuonyesha mfuko mtupu wa wastani wa milimita 8, na mimba ikawa nzima kabisa. Kwa kawaida kipimo cha ndani huuona mfuko kwenye wiki ya tano, kifuko cha kiini (kifuko kidogo kinachomlisha mtoto mwanzoni) siku chache baadaye, na kijusi chenye mapigo karibu na wiki ya sita. Kipimo cha juu ya tumbo huchelewa kuviona, na huchelewa zaidi mama akiwa mnene au kizazi kikiwa kimeinama kuelekea nyuma.

Vipo viwango vinavyothibitisha kwamba mimba imeharibika, na vyote ni vya kipimo cha ndani. Kijusi kiwe na urefu wa milimita 7 au zaidi bila mapigo ya moyo. Au mfuko uwe na wastani wa milimita 25 au zaidi bila kijusi. Wastani hupatikana kwa kujumlisha urefu, upana na kina cha mfuko, kisha kugawa kwa tatu: 9, 7 na 8 ni 24, wastani 8. Ukipima upande mmoja tu, umekisia.

Namba hizo zilipandishwa makusudi. Marekani walikuwa wakitumia milimita 5 kwa kijusi na 16 kwa mfuko, hadi jopo la wataalamu wa ultrasaundi lilipotoa viwango vipya mwaka 2013. Uingereza ilikuwa imeshabadilisha vyake mwaka 2011. Sababu ni kwamba mikono ya wapimaji hailingani. Mfuko ambao mmoja ameupata milimita 20, mwingine anaweza kuupata 17 au 24. Kiwango kikikaa chini, baadhi ya mimba zitakazosafishwa zitakuwa hai, na kosa hilo halirekebishiki. Ndiyo maana hata kijusi kikifika milimita 7 bila mapigo, mwongozo wa Uingereza unataka mtaalamu wa pili aangalie, au kipimo kirudiwe baada ya wiki.

Chini ya viwango hivyo, jibu sahihi ni "haijathibitika, arudi". Arudi baada ya siku 7 au zaidi kwa kipimo cha ndani, na 14 au zaidi kwa cha juu ya tumbo. Kurudi baada ya siku mbili ni kupoteza nauli na kuongeza hofu, kwa sababu kijusi hukua takriban milimita moja kwa siku. Mfuko ulioonekana bila kifuko cha kiini, zikapita siku 14 na bado hakuna kijusi chenye mapigo, hapo mimba imeharibika. Kama kifuko cha kiini kilishaonekana, ni siku 11.

Kusubiri huku ni kwa mimba iliyoonekana ndani ya kizazi. Kipimo cha mkojo kikiwa chanya na kizazi kikawa kitupu, mimba inaweza kuwa imetunga nje. Hapo kipimo cha damu cha hCG, yaani homoni ya ujauzito, hurudiwa baada ya saa 48. Kikianza chini ya 1,500, mimba ya kawaida huongeza walau asilimia 49, kwa hiyo 600 ifike karibu 900. Kipimo kimoja peke yake hakisemi kitu. Lakini maumivu makali ya upande mmoja chini ya tumbo, kizunguzungu, kuzimia, au maumivu kwenye ncha ya bega (damu iliyovujia tumboni ikigusa kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo) hayasubiri saa 48. Aende saa hiyohiyo hospitali yenye chumba cha upasuaji. Vivyo hivyo anayelowesha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo.

Siku za kusubiri ni ngumu, na ndugu huja na lawama. Kulala kitandani hakuzuii mimba kutoka. Ndoo ya maji aliyobeba siyo iliyoiharibu: karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema zilikuwa na kasoro ya kromosomu (vibeba urithi vya chembe) tangu yai liliporutubishwa.

Kwa wapimaji wenzangu, ombi langu ni karatasi ya majibu iliyojaa. Andika njia uliyotumia, vipimo vitatu vya mfuko, kama kifuko cha kiini kipo, urefu wa kijusi, mapigo, hali ya mirija na ovari, maji tumboni, na tarehe ya kurudi. Mama apewe karatasi hiyo mkononi, maana atakayempima mara ya pili huenda akawa mtu mwingine kwenye kituo kingine, na bila namba za kwanza hatakuwa na cha kulinganisha.

Mpimaji wa ultrasaundi,
Tanga